Nani Alizungumza Naye Kabla ya Safari?

Tarehe 19 Januari 1964, wiki moja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, gazeti la The New York Times lilichapisha habari ya mwandishi wake Robert Conley. Kichwa chake, nikikiweka kwa Kiswahili, kilisema kwamba utaifa waonekana kuwa kificho cha Wekundu. Wekundu ni wakomunisti, na neno hilo halinishangazi, maana magazeti ya Marekani ya miaka ile yalilimwaga kama chumvi. Ninachokirudia ni kile kitenzi. Waonekana. Na nani?

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna magazeti ya nje yalivyoiandika Zanzibar na Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kwa hiyo kitenzi kama hicho ndicho mkate wangu wa kila siku. Darasani tunafundishwa kulishuku faili la Bwana DC: nani aliliandika, alimwandikia nani, alitaka nini. Tukifika kwenye gazeti tunalegea. Tunanukuu, tunaweka tarehe, tunasonga mbele. Tunasahau kwamba mwandishi wa gazeti naye alifunga mizigo akasafiri, na kabla ya kupanda ndege alikaa na watu wakamwambia anakwenda kuona nini.

Hebu tutazame kwanza kilichokuwepo visiwani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari makundi ya watu, wengi wao wakiwa na mapanga na marungu, yalivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni na kuchukua bunduki. Sultani Jamshid akakimbia kwa meli. Redioni ilisikika sauti ya John Okello, Mganda ambaye hata wanasiasa wengi wa Unguja hawakuwa wakimfahamu. Lakini jina lililotafutwa na waandishi wa Magharibi halikuwa la Okello. Lilikuwa la Abdulrahman Mohamed Babu, kiongozi wa chama cha Umma, mtu wa China, mtu wa Kuba, ubongo wa jambo zima. Usiku ule Babu hakuwa Zanzibar. Serikali ilikuwa imekipiga marufuku chama chake siku chache nyuma, naye alikuwa amekimbilia huku Dar es Salaam. Vijana wake waliingia katika Mapinduzi yalipokwisha kuanza, na ni kweli baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Kuba, wakirudi na ndevu na salamu za Kihispania. Conley hakutunga. Alichukua kipande cha kweli kilichokuwa tayari kina jina, akakiweka mbele, na vingine vyote vikakaa kivulini.

Simtuhumu kuwa jasusi. Ninalolifuatilia ni jambo la kawaida kuliko ujasusi, na kwa maoni yangu lina nguvu zaidi: kile kikao cha kabla ya safari.

Oktoba 1977 Carl Bernstein, mmoja wa wale waandishi wawili wa Washington Post waliofukua kashfa ya Watergate, alichapisha makala ndefu katika jarida la Rolling Stone. Alisema kwamba katika miaka 25 iliyotangulia, zaidi ya waandishi wa habari 400 wa Kimarekani walikuwa wameifanyia CIA kazi ya namna moja au nyingine. Mwaka mmoja kabla yake kamati ya Baraza la Seneti, iliyoongozwa na Seneta Frank Church, ilikuwa imetaja watu wapatao 50. Wanafunzi wenzangu hupenda kubishana kuhusu tarakimu hizo, nani alitia chumvi na nani alificha. Mimi naona tofauti inatokana na swali la nini kihesabiwe. Ukihesabu waliolipwa, utapata idadi ndogo. Ukihesabu na waliozungumza, orodha haitaisha upesi.

Maana mazungumzo hayakuwa ya kificho sana. CIA ilikuwa na kitengo cha mawasiliano ya ndani chenye ofisi katika miji ya Marekani kwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuongea na raia waliosafiri: wafanyabiashara, wanasayansi, maprofesa, watu wa magazeti. Hakukuwa na kofia iliyovutwa usoni wala noti ndani ya bahasha. Mhariri anapata viza ya kwenda nchi ya kikomunisti, jambo adimu. Ofisa mmoja mwenye adabu anaomba nusu saa yake. Anamweleza hali ya nchi, nani yuko juu na nani ameanguka, mvutano uko wapi, mambo gani wenyeji watajitahidi ayaone na yapi watajitahidi asiyaone. Akirudi, ikimpendeza, wanywe tena kahawa.

Jiweke katika viatu vya mhariri huyo. Anakwenda mahali asipojua lugha, atazungushwa na mwenyeji wa serikali mchana kutwa, na hapa kuna mtu aliyesoma habari za nchi hiyo miaka kumi na hataki hata senti. Kukataa kungeonekana uvivu. Wengi waliokubali waliamini kwa dhati kwamba wao ndio waliofaidika na serikali haikupata kitu. Nami sidhani walidanganya. Lakini mtu akishakuambia kwamba mlango wa tatu kushoto una siri, utautazama mlango huo safari nzima, na mwenye nyumba atakuona ukiutazama.

Februari 1976, baada ya kelele za Seneti, mkurugenzi mpya wa CIA George Bush, yule aliyekuja kuwa rais, alitangaza kwamba shirika lake halitaajiri tena kwa malipo wala mkataba waandishi wenye vitambulisho vya vyombo vya habari vya Marekani. Tangazo hilohilo likaongeza kwamba ushirikiano wa hiari, usio na malipo, utaendelea kupokewa kwa mikono miwili. Yaani mlango wa mshahara ulifungwa, wa kahawa ukabaki wazi.

Na asiyetaka kahawa? Alikuwepo. William Worthy alikuwa mwandishi Mweusi wa gazeti la Baltimore Afro-American. Serikali ya Marekani ilikuwa imewakataza raia wake kwenda China. Worthy akaenda hivyohivyo, akaingia mwishoni mwa 1956 na kutuma habari kutoka huko. Aliporudi, wizara ya mambo ya nje ilikataa kumpa pasipoti nyingine. Mwaka 1961 akaenda Kuba bila pasipoti, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani kwa kosa la kuingia nchini mwake mwenyewe bila hati. Hukumu ilifutwa kwenye rufaa mwaka 1964. Nchi zilezile walikotumwa wahariri wakubwa wakiwa wameshiba maelezo, yeye zilimgharimu hati ya kusafiria.

Hapo ndipo Babu anaporudi katika hadithi, maana naye alifunga safari kama ya Worthy, akitokea upande wetu. Kabla ya siasa alisoma London na kufanya kazi ya ukarani katika Posta ya huko. Mwaka 1957 alirudi Unguja kuwa katibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party. Mwishoni mwa muongo huo alialikwa China, akawa mwakilishi wa Hsinhua, shirika la habari la China, pale Zanzibar, na akahariri ZaNews, jarida lililojaa habari ambazo Reuters isingezituma. Hakuna ofisa wa Kiingereza aliyemkaribisha chai kumweleza Beijing kukoje. Alichopata ni wapelelezi wa kikoloni kumwangalia, na mwaka 1962 kifungo kwa uchochezi. Mhariri wa New York akienda China na kurudi, aliitwa mtaalamu wa China. Mhariri wa Unguja akienda na kurudi, aliitwa wakala wa China.

Lakini nisijifanye kwamba upande wa pili ulikuwa na watawa. Hsinhua ya siku zile haikuwa gazeti la mtu binafsi. Mwandishi wake maarufu hapa Dar es Salaam, Gao Liang, alikuwa amefukuzwa India mwaka 1960, na wanadiplomasia wa Magharibi walimhesabu kuwa mtu wa serikali zaidi kuliko mtu wa kalamu. Mwaka 1971, China ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa, aliyetangulia New York na kikosi cha kuandaa ujumbe alikuwa huyohuyo Gao Liang. Nadhani hilo linajibu swali.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ryszard Kapuściński, labda kwa sababu maandishi yake nayapenda. Alifika Dar es Salaam mwaka 1962, mwandishi wa shirika la habari la Poland aliyepewa bara zima na pesa za kununulia sigara. Aliugua malaria, kisha kifua kikuu. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea aliingia visiwani pamoja na waandishi wa nchi nyingine na baadaye akaandika sura nzuri mno juu ya safari hiyo. Alifariki Januari 2007. Mei mwaka huohuo toleo la Newsweek la Poland likafichua kwamba kati ya mwaka 1967 na 1972, wakati alipokuwa ameondoka kwetu, alikuwa ameshirikiana na ujasusi wa nchi yake. Faili lilikuwa na majina yake ya siri, mojawapo likiwa Poeta. Waliolisoma walisema halina kitu cha maana, na marafiki zake wakasema kwamba katika Poland ile asiyekubali hakupewa pasipoti.

Linganisha basi. Mmarekani aliitwa kwa adabu akaenda kwa hiari. Mpolandi alijua kwamba hati ya kusafiria inapitia mkononi mwa watu wale. Kwa mwandishi mmoja mmoja, tofauti hiyo ni kubwa sana: kulazimishwa si sawa na kualikwa, na sitaki kuisawazisha kwa sababu tu inapendeza kusema wote walikuwa walewale. Ila kwa msomaji wa Magomeni aliyesubiri kujua nini kimetokea Unguja, habari zote mbili zilifika zikiwa zimepita ofisi ambazo hakuziona.

Naye msomaji wa Magomeni hakuwa mbumbumbu. Mji huu ulijaa mashushushu, na watu walijua. Tatizo ni kwamba kujua nako kunaandaa masikio. Novemba 1964 Waziri wa Mambo ya Nje Oscar Kambona alitoa nyaraka zilizodai kwamba nchi za Magharibi zinapanga kuipindua serikali kwa kushirikiana na Wareno wa Msumbiji. The Nationalist, gazeti la TANU, likazichapisha. Marekani ikasema ni za kughushi, na leo ndivyo wanahistoria wengi wanavyoziona. Lakini watu walikuwa wameshaandamana.

Miezi miwili baadaye, Januari 1965, konseli wa Marekani Zanzibar, Frank Carlucci, alizungumza kwa simu na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam. Walikuwa wakijadili jinsi ya kuishawishi Washington itume salamu za ngazi ya juu kwa sherehe za mwaka mmoja wa Mapinduzi. Katika mazungumzo likapita neno la Kiingereza lenye maana ya risasi, likimaanisha hoja: tunahitaji risasi zaidi za kuwashawishia wakubwa. Kulikuwa na watu wanasikiliza ile simu. Wakasikia risasi. Wamarekani wote wawili wakafukuzwa nchini.

Nimesimulia kisa hiki vibarazani mara kadhaa na watu hucheka. Kisha mtu mmoja huuliza huyo Carlucci aliishia wapi, nami hulazimika kujibu kwamba mwaka 1978 alikuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 waziri wa ulinzi. Hapo kicheko hubadilika. "Si unaona!" Ukimwambia kwamba cheo cha 1978 hakithibitishi chochote kuhusu simu ya 1965, anakutazama kama mtoto. Wasikilizaji wa ile simu nao walikuwa wamepewa maelezo yao kabla, na Novemba 1964 ilikuwa sehemu yake.

Mfano wa karibu na nilipo ni reli. Naishi Ukonga, mtaa ambao wageni huujua kwa gereza, lakini jirani zetu wa Majohe wanapitiwa na reli ya TAZARA. Mwaka 1967, Tanzania na Zambia zilipokubaliana na China kuijenga, The Wall Street Journal liliwaonya wasomaji kuhusu mamia, pengine maelfu, ya Walinzi Wekundu watakaoteremka Afrika. Walioteremka walikuwa wahandisi, wapimaji na vibarua, na kati ya 1970 na 1975 wao pamoja na Watanzania na Wazambia walitandika kilomita 1,860. Wazee wa huku waliowaona wanawakumbuka kwa kazi zao na ukimya wao. Si kwamba mwandishi wa gazeti lile hakuwa na akili. Alikuwa ameelezwa China ni nini, na katika maelezo hayo hapakuwa na mpimaji wa ardhi.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wenzangu wengi huiruka. Serikali yetu iliyaona haya yote na haikukosea kuyaona. Tarehe 5 Februari 1970 ililitaifisha The Standard, gazeti lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Mwalimu Nyerere akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na uendeshaji akapewa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini, mkimbizi wa ANC. Katika mwongozo wake kwa gazeti Mwalimu aliliruhusu likosoe, hata serikali. Kwa muda lilikuwa gazeti la ajabu, limejaa Vietnam na Msumbiji na mabishano ya Chuo Kikuu.

Mhariri wa habari za nje alikuwa Mwingereza, Richard Gott. Miaka mingi baadaye, Desemba 1994, Gott alijiuzulu katika The Guardian la London baada ya jarida moja kudai alikuwa mtu wa KGB. Alikana kuwa wakala, lakini alikiri kwamba alikutana na watu wao na kwamba waliwahi kumlipia gharama za safari. Safari, tena. Hakuna kinachoonyesha kwamba meza yake ya Dar es Salaam ilihusika, na nalitaja kwa sababu moja: hata chumba cha habari kilichoundwa ili kuwakimbia mashushushu wa upande mmoja hakikuwa kisiwa.

Kilichomwangusha Ginwala hakikuwa CIA wala KGB. Julai 1971, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa Sudan, Rais Nimeiry aliwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti, akiwemo katibu mkuu wake Abdel Khaliq Mahjub. The Standard likaandika tahariri kali ya kumlaani. Nimeiry alikuwa rais wa nchi rafiki. Ginwala akaondolewa kazini. Ndiye aliyekuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru, mwaka 1994. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist viliunganishwa kuwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa, na mwaka 1976 ikaundwa SHIHATA, shirika la serikali la kukusanya habari na kuzisambaza, zikiwemo zinazotoka nje.

Kila hatua ilikuwa na sababu ambayo ningeweza kuitetea katika semina, na nimewahi kuitetea. Reuters kweli haikuwa malaika. Nyaraka zilizofunguliwa mwaka 2020 zilionyesha kwamba serikali ya Uingereza iliigharamia kwa siri katika miaka ya 1960 na 1970, fedha zikipitia BBC. Kuwa na wasiwasi nayo kulikuwa haki yetu. Ila wasiwasi wa haki ulitumika kumnyamazisha mhariri ambaye kosa lake lilikuwa kuwalilia watu walionyongwa. Na Mhariri Mkuu akiwa ni Rais, ofisa hana haja ya kuomba nusu saa ya mtu yeyote kabla ya safari. Kikao kinafanyika kila asubuhi, hata kama hakuna aliyekiitisha.

Katika jedwali langu la tasnifu kila habari ina mstari wake: tarehe, gazeti, mwandishi, mahali alipoandikia, vyanzo alivyovitaja. Mwezi uliopita niliongeza safu ya sita, mwandishi alizungumza na nani kabla ya kusafiri. Msimamizi wangu aliitazama akauliza nitaijazaje. Kwa Kapuściński, katika safari zake za baada ya kuondoka kwetu, nina faili la Warszawa. Kwa Worthy nina uamuzi wa mahakama. Kwa Babu nina kesi ya uchochezi. Kwa mstari wa tarehe 19 Januari 1964 nimeandika kile kitenzi peke yake, waonekana, na mbele yake alama ya kuuliza.